Hekima ina pointi ngapi? Swali la Maombi wa Nyalukemba

Umeme unakatika ukurasa ukiwa nusu ndani ya printa, nusu nje. Ni Jumamosi mchana, mtaa wa Nyalukemba mjini Bukavu, na ndani ya kibanda hiki cha kuchapa na kutoa fotokopi wateja wanaguna kwa pamoja. Maombi Cibalonza haguni. Anafunika mashine kwa kitambaa, anasukuma rimu za karatasi pembeni, anavuta meza katikati na kutoa dadu tatu za ludo mfukoni.

"Délestage," anautangaza mgao wa umeme, kwa sauti ya mtu anayewaambia wageni kuwa chakula kiko tayari. "Benye banacheza, bakaribie. Benye hawachezi, kiti iko inje."

Baadhi wanatoka na simu zao. Ulrich anabaki. Yeye ni kijana wa chuo anayesomea umeme, na leo, kama siku nyingi, anausubiri. Emile, dereva wa pikipiki mwenye kifua kipana na maneno mengi, anaegesha chombo chake mlangoni na kuingia bila kubisha. Bintu, anayeuza muda wa maongezi chini ya mwavuli mbele ya kibanda, anasogeza kigoda chake mpaka kizingitini ili acheze huku akiwaona wateja wake.

Mgeni wa siku hiyo anakaa karibu na ukuta akiwa ameshika kalamu. Anaitwa Cédric, anafanya kazi katika kituo kimoja cha vijana mjini, na amekuja kuamua kuhusu hekima.

Ndiyo, hekima. Nami nilidhani nimesikia vibaya.

Mchezo wenyewe hauna ubao wala timu zinazoshindana. Mtu mmoja, hapa Maombi, anasimulia safari katika nchi ya kubuni yenye milima, ziwa, wafalme na majoka. Wengine kila mmoja anakuwa mtu ndani ya safari hiyo: mhunzi, mwindaji, mganga, mjumbe wa Mwami, yaani mfalme. Kila mhusika ana karatasi yake yenye safu sita, na kila safu ina namba. Ukitaka kuinua jiwe, unarusha dadu tatu. Zikitoa namba isiyozidi Nguvu zako, jiwe limeinuka. Zikizidi, umeumia mgongo na wenzako wanakucheka.

Safu tano hazina shida: Nguvu, Wepesi, Uvumilivu, Akili na Mvuto. Ya sita ndiyo imemnyima Maombi usingizi.

Kazi yake ya kila siku ni kuchapa maandishi ya watu wengine. Wanafunzi humletea TFC, ile kazi ya kumaliza masomo, zikiwa na mwandiko wa kuku, naye huzitoa zikiwa safi. Bila umeme hakuna ukurasa, na bila ukurasa hakuna malipo, maana mwenye kibanda humlipa kwa kurasa. Saa za giza zilikuwa saa za kukaa na kuhesabu vigae vya dari.

Kisha siku moja akaja mteja na kitabu cha Kifaransa chenye kanuni za michezo ya namna hii. Akaomba nakala ya kitabu kizima, akasema anarudi jioni, na hakurudi tena. Nakala ikabaki kwenye rafu. Umeme ulipokatika, Maombi akaanza kuisoma dirishani.

"Nilifikiri ni kitabu ya bachawi," anasema, akicheka. "Nikasoma page moja nikiomba Mungu. Page ya pili nikasahau kuomba."

Alipoanza kutengeneza mchezo wake mwenyewe kwa Kiswahili, safu tano zilitafsirika bila matatizo. Ya sita, ile ambayo kitabu kiliita *sagesse*, yaani hekima, aliiandika kwa neno lililokuwa karibu mdomoni: mayele.

Msomaji wa mbali huenda asione kosa. Bukavu wanaliona mara moja. Mayele limetoka kwenye Kilingala, na mtu wa mayele hapa ni yule anayekuuzia simu yako mwenyewe ukamshukuru. Wachezaji walipoona kuna safu ya mayele, wakaijaza pointi zote.

"Ilikuwa fujo ya mwisho!" anakumbuka Emile, macho yakimng'aa. "Tulikamata joka moja. Tukauzisha ile joka kwa Mwami wa kwanza. Tukaiiba. Tukaiuzisha kwa Mwami wa pili. Kisha benzangu ba équipe bakaniuzisha miye pamoja na joka!"

Maombi akalifuta neno na kuandika hekima. Tatizo likageuka upande wa pili. Hekima ni neno ambalo wengi wao hulisikia kanisani, katika masomo ya Jumapili, na kila aliyekuwa na pointi nyingi za hekima akaanza kuhubiri. Mhusika wa Ulrich alisimama mbele ya majambazi akasema "Wapendwa," na majambazi wakamchoma mkuki kabla hajafika kwenye somo la pili.

"Bakasema ile ni point ya bapadri," anaeleza Maombi. "Kila mutu akaiweka tatu, ya chini kabisa. Hakuna mwenye alitaka."

Alijaribu hata neno la Kimashi, lugha ya Bashi wa huku, *obwenge*. Hilo lilidumu mchana mmoja tu. Bintu, ambaye si Mushi, alinuna. Na Bashi waliokuwepo wakabishana wenyewe kwa wenyewe, maana obwenge hubeba akili na hekima kwa pamoja, na Maombi alikuwa anatafuta mpaka kati ya hizo mbili.

Nilimuuliza kwa nini asiachane nayo. Mchezo una majoka, una vita, una vicheko. Nani atalilia safu moja?

Akanyoosha kitambaa juu ya printa ingawa kilikuwa kimenyooka.

"Niko na sababu," akasema. "Yaya yangu."

Kaka yake mkubwa, yaya kwa Kiswahili cha Bukavu, aliitwa Gentil. Alikuwa kichwa cha darasa, akasomea ujenzi, akawa fundi ambaye watu walimfuata mpaka nyumbani. Maombi alipokuwa na miaka kumi na mitatu, Gentil alinunua kiwanja kwenye mteremko mmoja kule Cimpunda, akajenga nyumba ya familia. Alichimba msingi wa mawe. Aliweka ukuta wa kuzuia udongo, akachonga mifereji ya maji. Majirani walikuja kuiga.

Alitangulia kulala humo peke yake, ili plasta ikauke kabla ya kumhamisha mama na wadogo zake. Mvua ikanyesha, na mteremko ukaondoka. Gentil hakutoka.

"Nyumba haikubomoka," anasema Maombi. Anasema polepole, na machozi yanamlenga bila yeye kuyaficha. "Hata ufa. Ilishuka nzima, na milango yake, na madirisha. Batu ba mutaa bakashangaa, bakasema, huyu fundi alikuwa na akili. Na ni kweli. Alikosa nini, sasa? Njo ile kitu minatafuta. Minataka iko na fasi yake kwenye karatasi."

Tangu hapo ninaielewa safu ya sita.

Kanuni aliyokuwa akiitumia mpaka siku ile aliiita Swali Moja. Mwenye Hekima kubwa kuliko wote mezani ana haki ya kusimamisha hadithi mara moja na kuuliza swali moja. Msimulizi lazima amjibu kweli, bila dadu. Ilionekana kanuni nzuri. Lakini watu waliitumia kuuliza hazina iko wapi.

Ndipo Maombi akatunga hadithi aliyoiita Ghala. Kijiji kinaomba wasafiri wakijengee ghala la mahindi kabla ya mvua. Kiwanja ni kizuri, kinatazama jua, kiko karibu na maji. Wasafiri wakijenga, hata wajenge vizuri namna gani, ghala linashuka na mlima. Kuna swali moja tu linaloliokoa. Ameicheza na wanafunzi, na walimu, na mafundi wa magari, na wanakwaya. Kila mara ghala lilijengwa, na kila mara lilishuka.

Cédric aliujua mchezo kupitia mwanakwaya mmoja. Kituo chake kiko tayari kuuchapa na kuusambaza kwenye vilabu vya vijana, ila kwa sharti: safu ya sita iondoke. Sio mtu mbaya, na hoja yake si ya kudharau.

"Nguvu unaweza kuigiza," aliniambia. "Mimi ni mwembamba, lakini karatasi ikisema nina nguvu, nainua jiwe. Hekima siwezi. Kama sina, namba haitanipa. Kama ninayo, sihitaji namba. Sasa hiyo safu inafanya kazi gani?"

Maombi akamwekea Cédric dau: njoo utazame Ghala likichezwa na watu ambao hawajawahi kulicheza. Mwenye Hekima akiuliza lile swali, safu inabaki. Asipouliza, naifuta kwa mkono wangu, unachapa mchezo wa safu tano.

Hiyo ndiyo Jumamosi niliyoikuta.

Maombi anasimulia kwa sauti ya chini. Kijiji, mlima, mahindi yanayosubiri, mawingu upande wa ziwa. Mashamba anayoyaeleza ni ya Nyantende, kwa bibi yake, mwenyeji yeyote angeyatambua. Ulrich, aliye mhunzi mwenye Akili kumi na saba, anachora ghala nyuma ya karatasi iliyoharibika: mawe hapa, mifereji pale. Anarusha dadu. Tisa. Mpango ni bora kabisa.

Bintu ni mwindaji mwenye Wepesi wa kutisha na Hekima tano. "Mi napenda kukimbia," alijitetea alipogawa pointi zake. Anakimbia kuleta miti.

Emile ni mjumbe wa Mwami, Hekima kumi na sita, kubwa kuliko wote. Swali ni lake. Cédric anamwangalia. Maombi anamwangalia, na kidole chake kinagonga meza bila yeye kujua.

"Musimamishe!" Emile anainua mkono kama polisi wa barabarani. "Niko na swali."

Hata mimi nilivuta kiti.

"Hii kijiji," anasema Emile kwa heshima zote za ujumbe wake, "itatulipa mbuzi ngapi?"

Kibanda kizima kinacheka. Hata Cédric anacheka, kisha anaandika kitu. Maombi anajibu, kwa kuwa kanuni inamlazimu: mbuzi sita. Anatabasamu, lakini mabega yake yameshuka. Swali limekwisha. Anaokota dadu ili mvua ianze.

Mteja anapiga hodi kwenye mwavuli. Bintu anageuka, anamhudumia, anamrudishia chenji, na akiwa bado amewapa wenzake kisogo anasema, kama mtu anayejiuliza sababu tu:

"Lakini ile fasi iko muzuri vile. Maji karibu, jua iko. Juu ya nini hakuna mutu mwenye alishajenga hapo mbele yetu?"

Maombi anaacha dadu zianguke mezani.

Hakuna aliyeelewa kwa nini amebadilika uso. Ulrich, mtu wa kanuni, ndiye wa kwanza kusema. "Hana droit, hana haki ya kuuliza. Iko na Hekima tano, na swali iliisha."

"Ni kweli," anasema Maombi. "Kanuni iko vile."

"Niliongea tu," anasema Bintu. "Muendelee."

Lakini Emile ameshika karatasi yake na kuitazama kana kwamba amepewa sasa hivi. Mzaha umemtoka.

"Mungojee," anasema. "Hapa mumeandika niko na Hekima kumi na sita. Swali yangu iliisha, sawa, niliikula na mbuzi. Lakini masikio? Masikio haikuisha. Huyu maman ameuliza, na miye nimemusikia. Mutu wa Hekima kumi na sita angesimama. Miye nasimama. Hatujengi mpaka bamujibu."

"Iko kwenye kanuni wapi?" anauliza Ulrich.

"Haiko," anasema Maombi.

Kisha anajibu. Ni mara ya kwanza, tangu aitunge hadithi hiyo, kwa sehemu hiyo kusomwa kwa sauti. Anasema wanakijiji hawajengi hapo kwa sababu ardhi ya pale hutembea. Wazee wao waliiona ikitembea, na waliozaliwa baadaye wakabaki tu na mazoea ya kupaacha wazi, bila kukumbuka sababu. Wasafiri wanakaa chini. Wanalihamisha ghala upande wa pili, kwenye kiwanja kibaya chenye mawe, mbali na maji. Mvua inanyesha, mlima unashuka, na mahindi yanabaki.

Bintu anapiga makofi. Umeme unarudi wakati huohuo, wateja wanajazana mlangoni, na Maombi anaingia nyuma ya mashine kuchapa kwa haraka, akijifuta macho kwa mkono wa blauzi.

Cédric alingoja mpaka foleni ikapungua.

"Kwa dau letu umeshindwa," alimwambia, bila ubaya. "Mwenye Hekima hakuuliza."

"Nimeshindwa," Maombi alikubali. "Hekima inatoka. Uifute."

Akachukua karatasi ya Emile, akalikata neno kwa kalamu, mstari mmoja ulionyooka. Kisha juu yake, kwenye safu ileile ya sita, akaandika jingine: Kusikia.

Alimweleza papo hapo, huku printa ikitema kurasa za mtu. Kila mtu mezani aulize anachotaka, hata mwenye pointi tatu, hata anayeuza muda wa maongezi akiwa amegeuka. Maswali ni ya bure. Lakini swali halisimamishi hadithi mpaka mmoja wa wengine arushe dadu na kulisikia. Mwenye Kusikia kumi na sita atasikia karibu kila mara. Mwenye tano litampita, naye ataendelea kubeba mawe.

"Hiyo inachezeka," alisema Cédric. Alisema pia kwamba ana hofu vijana watauliza maswali mpaka kesho yake. Ametaka kanuni iandikwe, aijaribu na vijana wake mwenyewe kabla ya kwenda kwa mchapaji. Hakuahidi zaidi ya hapo. Ulrich tayari ameona kasoro mbili na ameziandika.

Niliporudi siku iliyofuata kumuuliza Maombi alisikia nini katika sauti ya Bintu, alinirekebisha. Hakuisikia sauti ya Bintu. Alisikia sauti yake mwenyewe.

"Ile siku yaya Gentil alitupeleka kuona kiwanja," alisema, "tulisimama bote pale. Nyumba zilikuwa huku na huku, na katikati fasi bure, majani tu. Miye niliuliza. Ile swali ileile, na maneno yake. Juu ya nini hapa hakuna mutu alijenga?"

Gentil alikuwa ameinama anapima kwa kamba. Hakuinua kichwa. Mama yao, Georgette, ndiye aliyejibu.

"Akaniambia: nyamaza, mutoto, bakubwa banaongea. Nikanyamaza."

Hawajawahi kulizungumza. Mama Georgette sasa ni mzee, wanaishi nyumba moja, wanakula sahani moja. Jina la Gentil hutajwa kwenye misa ya kumbukumbu na halitajwi tena mpaka misa nyingine. Mchezo wa binti yake anauita vitu vya watoto, na hajakanyaga kibandani siku za délestage.

Nilimuuliza Maombi kama ana hasira naye. Alitikisa kichwa kwa nguvu.

"Nani alijua? Hata miye sikujua. Niliuliza tu sababu nilikuwa mutoto na watoto banauliza. Mama anabeba ile mlima kila siku, minamuona. Sitaki kumuongezea."

Mpango wake sasa ni kumaliza kuandika kanuni, kumpelekea Cédric, na ikichapwa, kuomba ipelekwe kwanza kwenye shule za miteremkoni. Lakini kabla ya hayo ana meza nyingine ya kuandaa. Jumapili hii, baada ya misa, atamwomba mama yake akae naye, wao wawili tu, wacheze Ghala. Amekwisha kumwandalia karatasi ya mhusika. Alinionyesha: Nguvu ndogo, Wepesi mdogo, na kwenye safu ya sita namba kubwa kuliko zote zinazowezekana.

"Nimemupa Kusikia kumi na nane," alisema. "Kwa ile namba, dadu haiwezi kukataa. Miye nitakuwa mutoto wa kijiji. Nitamuuliza tena."